Bolti za nguzo ya usukani kwenye HiAce za zamani: maswali tunayoulizwa gerejini

Gereji yetu ipo Dodoma mjini, na gari tunalolishughulikia zaidi ni Toyota HiAce ya toleo lililoanza kutoka kiwandani mwaka 1989 na kuendelea hadi 2004, pamoja na Noah na Caravan za umri huohuo. Gari hizi zimebeba abiria, mahindi, maharusi na misiba kwa miaka mingi, na nyingi zimeshafunguliwa usukani mara mbili tatu na mikono tofauti. Majibu haya ni kwa dereva, mwenye gari na fundi anayeanza kazi.

Hizo bolti ziko wapi hasa?

Usukani umefungwa juu ya mhimili mrefu unaopita ndani ya bomba la chuma. Bomba hilo ndilo nguzo ya usukani. Mafundi wengi huliita kolamu. Juu, nyuma ya dashibodi, nguzo imeshikwa kwenye bodi kwa bolti au nati, mara nyingi mbili. Chini, karibu na pedeli, kuna bamba lenye bolti zake linaloishika isiyumbe. Halafu ipo jointi ya krosi inayounganisha mhimili na sehemu ya chini ya usukani, nayo ina bolti moja inayobana meno. Mwisho ni bolti mbili zinazofunga nyumba ya swichi ya ufunguo kwenye nguzo. Hizo mbili ndizo zinazowatoa watu jasho, maana hazina kichwa. Tutazirudia hapa chini.

Nitajuaje kwamba kilicholegea ni nguzo, si tairodi (ile fimbo inayosukuma tairi zikate kona)?

Zima gari, tairi zikiwa zimenyooka. Shika usukani juu na chini, kisha uvute na kuusukuma kana kwamba unataka kuung'oa. Usizungushe. Nguzo nzima ikitembea, au ukiona ule mfuniko wa plastiki unaachana na dashibodi, basi bolti za juu zimelegea au bamba limepasuka. Kama nguzo imetulia, mwambie mwenzako azungushe usukani kidogo kidogo kushoto na kulia huku wewe umeinama unaitazama jointi ya chini. Mhimili wa juu ukianza kuzunguka kabla ya ule wa chini, tatizo liko kwenye krosi au kwenye bolti inayoibana. Mihimili yote miwili ikizunguka pamoja, lakini tairi bado inachelewa kufuata, sasa ndipo uende kwenye tairodi na boljointi, yaani jointi za mpira wa chuma zilizo karibu na tairi.

Mlio nao husaidia. Nguzo iliyolegea hugonga mara moja, "kong", unapopita tuta. Krosi iliyokwisha hulia "tak tak" unapokata kona taratibu.

Kwa nini zilegee wakati ziko ndani ya gari, hazipati maji wala matope?

Watu wengi husingizia barabara. Ni kweli kwamba barabara za vumbi zenye mawimbi, zile zinazotikisa gari hadi meno, hulegeza kila kitu. Lakini bolti iliyofungwa kiwandani na ambayo haijaguswa ni nadra kulegea. Tunazozikuta zimelegea karibu zote zimeshafunguliwa. Ufunguo ulipotea, au swichi iliharibika, fundi akashusha nguzo, na wakati wa kurudisha washa moja (ile pete ya chuma ya chini ya bolti) ikabaki sakafuni, bolti moja ikapotea chini ya zulia, ikawekwa iliyokuwa karibu.

Kuna sababu nyingine ambayo haisemwi. Kwenye HiAce dereva amekaa juu ya ekseli ya mbele, na nguzo imesimama wima zaidi kuliko ya gari dogo. Ili kupanda kwenye kiti, dereva hushika usukani na kujivuta. Dereva wa abiria anapanda na kushuka mara ngapi kwa siku? Kila mara uzito wa mtu mzima unaning'inia kwenye bolti mbili za juu. Jizoeze kushika nguzo ya mlango au kishikio.

Fundi, tajiri hataki gari lilale gereji. Siwezi kukaza tu hivyo hivyo nikaendelea na ruti?

Mdogo wangu, tunaelewa hesabu ya jioni ilivyo. Kama bolti ni yenyewe, nyuzi ni nzima na imelegea tu, kaza, na hakuna sababu ya kulaza gari. Lakini kama inazunguka bila kukaza, kama kuna bolti inayokosekana, au kama jointi ya chini inacheza, gari lisiondoke. Ilikuja kwetu gari moja ikitokea upande wa Kondoa, nguzo imefungwa kwa waya wa kusuka. Dereva alisema ameendesha hivyo wiki mbili. Tulipokata waya, nguzo iliteremka hadi magotini mwake. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akampigia mwenye gari simu yeye mwenyewe. Nasi tunakushauri ufanye hivyohivyo: mpigie tajiri, mwonyeshe picha.

Naweza kuifanya kazi hii mwenyewe nyumbani?

Kukagua na kukaza, ndiyo. Kubadilisha bolti za juu moja baada ya nyingine, ndiyo, ukiwa mtulivu na una spana sahihi. Kushusha nguzo nzima na kutoa zile zisizo na kichwa, fanya na mtu aliyewahi kuifanya. Kwa fundi aliyezoea ni kazi ya nusu siku kama bolti hazijaleta ukorofi.

Kabla ya kushika spana, nianze na nini?

Egesha mahali tambarare, weka kabari kwenye tairi, nyoosha tairi za mbele ziangalie mbele. Weka ufunguo kwenye swichi na uugeuze nafasi ya kwanza ili ulimi wa kufuli uachie mhimili. Halafu toa waya wa hasi kwenye betri. Kama usukani wako una mfuko wa hewa, subiri angalau sekunde 90 baada ya kutoa waya kabla ya kugusa chochote, maana umeme huwa umebaki ndani ya mfumo ule. Usipime waya zake kwa taa ya majaribio.

Sasa chukua brashi na kitambaa ufute. Dodoma ni ya vumbi, hasa upepo wa kuanzia Agosti unapoanza, na vumbi likichanganyika na grisi hugeuka kuwa kama msasa. Likiingia kwenye nyuzi wakati unafungua, bolti nzima inaweza kukwama katikati.

Kingine: toa kiti cha dereva. Wengi wanaona ni kupoteza muda, wanalala kichwa chini miguu juu kwa saa tatu. Bolti chache za kiti zitauokoa mgongo wako na utaona unachofanya.

Nifungue kwa mpangilio gani?

Toa mfuniko wa plastiki wa nguzo na paneli iliyo chini yake. Chomoa soketi za waya za swichi na za taa. Piga picha kwa simu kabla ya kuchomoa. Siku hizi hakuna kisingizio cha kusahau. Shuka chini, vua raba ya sakafuni inayofunika jointi.

Hapa ndipo penye hatua muhimu kuliko zote: weka alama. Chukua rangi au patasi kali na uchore mstari mmoja unaopita kwenye jointi na kwenye mhimili, ili vikirudi vikutane meno yaleyale. Chaki haifai, itafutika na jasho la mkono. Baada ya hapo toa kabisa bolti inayobana jointi. Kuilegeza hakutoshi, kwa sababu kwenye gari nyingi bolti hiyo hupita kwenye mfereji uliochongwa kwenye mhimili, na bila kuitoa jointi haiteremki hata uigonge namna gani.

Kisha fungua bolti za bamba la chini, na za juu ziwe za mwisho, mtu mwingine akiwa ameshika nguzo. Ikiachiwa ikaning'inia kwenye jointi au kwenye waya, utakuwa umejiongezea kazi.

Usigonge nguzo wala ncha ya mhimili kwa nyundo, hata ya mbao. Nguzo nyingi zimetengenezwa zijikunje wakati wa ajali ili usukani usimchome dereva kifuani. Marekani iliweka kanuni ya kuzuia usukani usisukumwe nyuma kwa dereva tangu 1968. Ndani ya nguzo kuna pini ndogo za plastiki, na pigo moja la nyundo linatosha kuzikata. Nguzo ikishakatika pini haionekani kwa nje, ila kuanzia siku hiyo inacheza kwa urefu.

Bolti za swichi hazina kichwa. Zinatolewaje?

Bolti hizi zilikuwa na kichwa. Kiwandani zilikazwa hadi shingo ikakatika na kichwa kikadondoka, ikabaki duara laini ambalo spana haishiki. Ilifanywa makusudi ili mwizi asifungue kufuli ya usukani kirahisi. Kwa hiyo ukiziona usidhani kuna fundi aliyezivunja.

Zipo njia tatu, na tunazijaribu kwa mpangilio huu. Ya kwanza ni patasi ndogo kali na nyundo nyepesi: toboa kikovu pembeni mwa duara, kisha ulaze patasi na ugonge taratibu kuelekea upande wa kufungua, yaani kinyume na mshale wa saa. Kwa kuwa bolti haikukazwa na kutu, mara nyingi huanza kuzunguka baada ya mapigo machache. Mapigo yawe mafupi na nguzo iwe imeshatolewa na kushikiliwa kwenye jiliwa kwa ile nyumba ya swichi, si kwa bomba. Ukigonga ikiwa bado garini, rudi usome tena habari ya zile pini.

Ya pili ni kuchonga mfereji kwa msumeno wa chuma au gurudumu dogo la kukatia, halafu kutumia bisibisi pana. Inafaa pale duara limechomoza kidogo.

Ya tatu ni drili. Weka alama ya panchi katikati kabisa, toboa kwa biti ya milimita 3 au 4, ingiza eksitrakta ya kushoto (kifaa cha kung'olea bolti iliyokatika, kinachong'ata kinapozungushwa kushoto), zungusha. Hii ndiyo njia ya kitabu, na ndiyo inayoharibu kazi nyingi kwa sababu ya haraka. Panchi ikienda pembeni, biti itateleza kwenye aluminiamu laini ya nyumba ya swichi na kuacha chuma cha bolti. Tumia biti mpya na mwendo wa taratibu. Eksitrakta ikikatikia ndani huwezi kuitoboa, maana chuma chake ni kigumu kuliko biti yako, na sasa unatafuta nguzo nyingine ya mtumba.

Bolti ya chini imeshika kutu. Nipashe moto?

Usiwashe gesi chini ya dashibodi. Kuna waya, plastiki, zulia na vumbi la miaka. Weka mafuta ya kupenya kutu jioni, asubuhi uongeze, kisha jaribu kuikaza kidogo kwanza kabla ya kuifungua. Ule mwendo mdogo wa kukaza ndio unaovunja kutu. Dizeli pia hupenya, ila polepole. Petroli ndani ya kebini hapana.

Gari lililokulia Dodoma kwa kawaida halina kutu kubwa, huku kukavu. Tunazozikuta zimeoza ni zilizofanya kazi Tanga au Dar es Salaam karibu na bahari, au zilizotoka mikoa ya baridi ya Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha theluji.

Bolti mpya ninunue ipi? Dukani kwa vifaa vya ujenzi zipo za saizi ileile.

Hapa tunaomba usome polepole. Bolti ya duka la ujenzi inaweza kuwa na unene uleule na bado isiwe bolti yako.

Tazama kichwani. Bolti nyingi za kawaida zimeandikwa 4.6 au 4.8, au hazijaandikwa kitu. Kwenye usukani usishuke chini ya 8.8. Tarakimu ya kwanza, ukiizidisha kwa 100, ni nguvu ya kuvuta hadi bolti ikatike, katika nyutoni kwa milimita moja ya mraba, yaani 800. Ya pili inasema bolti huanza kurefuka isirudi ikifika asilimia 80 ya hiyo, yaani 640. Kwa 4.6 hesabu hiyo ni 400 na 240. Tofauti ni mara mbili au zaidi, na kwa macho zote zinang'aa sawa. Bolti za asili za Toyota mara nyingi zina tarakimu moja tu kichwani. Basi uliyoitoa irudishe yenyewe kama nyuzi zake ni nzima na haijapinda.

Halafu tazama nyuzi. Bolti ya milimita 8 haina shida, Toyota na duka la ujenzi wote hutumia hatua ya 1.25, yaani milimita kati ya uzi na uzi. Ya milimita 10 ndiyo mtego. Toyota hutumia zaidi 1.25, ila ya dukani huwa ni 1.5. Itaingia mizunguko miwili kwa mkono, itagoma, na mwenye haraka ataweka spana ndefu. Anadhani amekaza vizuri, kumbe amekwangua nyuzi za nati iliyochomelewa kwenye bodi. Kanuni yetu ni kwamba bolti lazima iingie kwa vidole angalau mizunguko minne au mitano kabla ya kuona spana.

Kuna njia rahisi ya kujua kama kuna mtu aliyekutangulia. Bolti ya Toyota ya milimita 8 hufunguliwa kwa spana 12, na ya milimita 10 kwa spana 14. Ukikuta kwenye nguzo bolti inayotaka spana 13, au ya milimita 10 inayotaka 16 au 17, imetoka dukani. Itoe uikague.

Nenda sokoni na bolti ya zamani mkononi. Spea za mtumba zinafaa sana kwa hili: nguzo iliyong'olewa huuzwa na bolti zake, na bolti ya asili iliyotumika tunaiamini kuliko mpya isiyo na alama. Nati zenye pete ya nailoni ndani ndizo za kununua mpya kila mara, kwani zikishafunguliwa hazishiki tena.

Naweza kuweka bolti za kawaida kwenye swichi badala ya zile za kukatika kichwa?

Kwa ushikaji, bolti ya 8.8 ya urefu sahihi itashika. Utakachopoteza ni kinga ya wizi. Ziweke kwa muda ukitafuta za kukatika, ila zikaze sawasawa, maana nyumba ya swichi ndiyo yenye ulimi unaofunga mhimili. Ikilegea na kukaa vibaya, ulimi unaweza kugusa mhimili gari likiwa linatembea. Ukipata zile mpya, usizikate vichwa kwanza. Kaza kidogo, jaribu ufunguo nafasi zote, jaribu kufunga na kufungua usukani, ndipo ukaze hadi zikatike.

Sina spana ya toki (ile inayopima nguvu ya kukaza). Nikaze kiasi gani?

Bolti za milimita 8 zinazoshika nguzo hukazwa karibu nyutoni mita 25, na ile ya jointi karibu 35. Kitabu cha gari lako kikisema vingine, kifuate hicho. Kupata picha mkononi, chukua spana yenye urefu wa sentimita 25, ilale mlalo, na uwaze ndoo yenye lita 10 za maji ikining'inia mwishoni. Hiyo ni karibu 25. Ukiongeza hadi lita 14 unakaribia 35. Fanya kweli siku moja gerejini na ndoo, mkono utakumbuka.

Kuzidisha nako ni kosa. Kwenye bamba la juu, nguzo nyingi zina vipande vidogo vinavyoiruhusu iteleze wakati wa ajali. Ukibana kwa nguvu zote na kuongeza washa nene, umevizuia visifanye kazi yake.

Rudisha bolti zote kwa vidole kwanza. Ingiza jointi kwa alama yako, pitisha bolti yake. Ikikataa kupita usiigonge, mfereji wa mhimili haujakaa usawa na tundu. Kisha kaza chini, zungusha usukani pande zote ili nguzo ijikalishe, malizia juu. Tone la gundi ya bolti ya buluu kwenye nyuzi safi linasaidia. Nyekundu usitumie, atakayefungua baadaye ataihitaji gesi.

Nimemaliza, gari linakwenda vizuri lakini usukani umekaa upande.

Jointi imeingia jino moja pembeni. Usiende kupiga alaimenti, yaani kunyooshewa tairi. Tairi hazina kosa. Toa bolti ya jointi, rudisha kwenye alama. Kama gari lako lina mfuko wa hewa na usukani ulizungushwa wakati jointi imetoka, ile waya ya kujikunja ndani ya usukani nayo lazima iwekwe katikati upya, la sivyo itakatika ukikata kona kali.

Nati iliyochomelewa kwenye bodi imekwanguka. Nichomelee bolti moja kwa moja?

Hapana. Nguzo itahitaji kushuka tena siku moja. Safisha nyuzi kwa tapu (kifaa cha kuchonga nyuzi za ndani) kwanza; zikishindikana, kata nati, chomelea nyingine ya nyuzi zilezile. Nguzo iwe nje ya gari na betri imechomolewa pande zote mbili. Kamwe usichomelee nguzo yenyewe wala mhimili.

Trafiki akinikuta usukani unacheza?

Kuendesha gari bovu ni kosa chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, na usukani ni kitu cha kwanza anachoshika mkaguzi. Ana haki ya kulisimamisha.

Nikague nini baada ya kazi?

Jaribu kwanza uwanjani kwa mwendo wa kutembea, ukikata kona kamili kushoto na kulia, ukisikiliza. Hakikisha honi inalia, taa za kona zinajizima zenyewe, ufunguo unarudi bila kukwama. Kisha ingia barabarani. Baada ya kilomita 200 hivi lete gari, au inama mwenyewe na spana 12 na 14 uguse kila bolti. Tunapofunga tunapaka mstari wa rangi nyeupe unaotoka kwenye kichwa cha bolti hadi kwenye bamba. Mstari ukiwa umekatika, bolti imezunguka, na unaiona kwa tochi bila kufungua kitu.